Kitanda cha Mvule katika Ghala la Chini

Bukoba, Jumapili, 1 Oktoba 1961

Nimetoroka. Naliandika neno hili jinsi lilivyo, maana kaka yangu Aristides atalipamba, atawaambia watu kwamba dada amekuja mjini kupumzika. Sikuja kupumzika. Mume wangu Karugendo amekwenda kisiwani Goziba kununua samaki, nami nikakodi lori la Hamidi, nikapakia vitu vyangu mchana kweupe huku Kimwani nzima ikitazama: kitanda cha mvule, kabati, meza kubwa na viti vyake. Vyote alivitengeneza marehemu baba kwa mikono yake. Kibanja cha migomba na kahawa kilimwendea Aristides, kwa kuwa kwetu mtoto wa kike harithi ardhi, na baba hakuwa na uwezo wa kulibadili hilo. Alichofanya ni kuangusha mvule wake mkubwa kuliko yote, akanitengenezea hivi, na siku ya harusi akasema mbele ya watu wote: "Hiki ndicho kibanja chako, Ephrasia."

Jino langu la mbele limebaki Kimwani. Hilo tu ndilo nililomwachia Karugendo.

Jumatatu, 2 Oktoba

Bi Mariamu, mwenye nyumba, ni mjane wa watu wa pwani, mkavu wa maneno. Chumba alichonipa juu hakiingizi hata nusu ya kitanda. Vitu vimeshushwa kwenye ghala lililo chini ya nyumba, alilolichimba mwenye nyumba wa zamani kuhifadhia magunia ya kahawa. Lina mlango mpana upande wa barabarani, ngazi ya ndani inayopanda jikoni, na kidirisha kimoja. Niliweka kiganja ukutani kikarudi kimelowa. Ziwa liko karibu mno. Bi Mariamu akaniambia kila kinachowekwa humo hutoka na ndevu. Nikamjibu kwamba vyangu vitatoka kama vilivyoingia, akacheka kwa pua. Nitamlipa kwa kumshonea, maana ana oda kubwa ya bendera ndogo za Uhuru.

Tulipokuwa tukishusha tukagundua kosa. Wapakiaji walipanga viti ndani ya obwato, ule mtumbwi wa mbao wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu, wakaupakia pamoja navyo. Obwato huo si wangu. Ni wa babu yake Karugendo. Mwanamke hata kuuvuka haruhusiwi, nami nimeusafirisha hadi Bukoba.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimefanya kama baba alivyokuwa akifanya karakanani. Kila mguu wa kila kitu nimeuweka juu ya matofali, na hakuna kinachogusa ukuta. Kidirisha nimekitoa kioo ili hewa ipite, maana baba alichukia hewa iliyolala kuliko alivyochukia mvua yenyewe. Pembeni nimeweka vikapu vya mkaa na ndoo ya chokaa, vinyonye unyevu. Nimeyeyusha nta kwa mafuta ya taa, nimepaka hadi chini ya uvungu ambako hakuna atakayeona. Mikono inanuka. Nimefurahi leo, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mvua. Nimefuta kitanda asubuhi na jioni.

Jumapili, 15 Oktoba

Aristides amekuja kutoka Muleba na mkungu wa ndizi na mfuko wa kahawa ya kutafuna. Aliponiona mdomo alilia, mtu mzima, palepale jikoni kwa watu. Akashuka nami ghalani, tukakigeuza kitanda ili upande wa ndani nao upate hewa. Aliuliza mlango wa barabarani unafungwaje, nikamwonyesha komeo. Nikamweleza pia kosa la obwato, akasema tutalimaliza kindugu. Nina bahati ya kaka. Bi Mariamu hakumkaribisha hata chai, na nimechukia.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio, jinsi ilivyotokea.

Nilikuwa nimeinama napaka nta chini ya meza. Mlango wa barabarani ukafunguka. Karugendo aliingia kama mtu anayeingia kwake, hakupapasa wala hakuuliza. Hakusalimu. Alinizaba kofi nikaangukia kwenye kabati, na nilipotaka kuinuka akanipiga teke la mbavu. Kisha akaketi kwenye kitanda. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji, na aliketi makusudi, akajisugua. Naapa lile liliniuma kuliko teke.

"Obwato wa babu unafanya nini katika shimo hili?" akauliza.

Nikamwambia ulipakiwa kwa makosa, auchukue hata leo. Akasema atauchukua pamoja nami na kila ubao uliomo, na kabla ya Uhuru, kwa sababu ukoo wao umeshaamua kwamba rubisi ya Uhuru itakamuliwa ndani ya obwato huo na si mwingine. Nikasema obwato ni wake, mimi na mbao za baba si vyake. Akanishika shingo. Aliniminya hadi nikaona kidirisha kinakuwa cheusi. Nadhani angenimaliza, lakini Bi Mariamu alitokea juu ya ngazi akipiga kelele za mwizi, na majirani wakaja mbio.

Alipotoka alinigeukia. Akasema daraja la njiani limebebwa na maji, lori halipiti, kwa hiyo obwato utabaki hapa mpaka daraja litengenezwe. Nikiuharibu, alisema, atanizika ndani yake.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimegombana na Bi Mariamu. Nani mwingine angemwonyesha Karugendo mlango ule? Nilimwambia ameniuza. Alinitazama, akaendelea kukata kitambaa cha kijani.

Jumamosi, 28 Oktoba

Hainyeshi tena kama mvua, inapigana. Radi imeua ng'ombe wawili nyuma ya soko. Ukuta wa nyumba ya pili umeanguka ukamvunja mzee mguu, mfupa ulitoka nje nikauona. Ziwa limepanda hadi kwenye mizizi ya miti ya ufukweni, na wazee wa hapa wanasema hawajawahi kuliona pale. Watu wamekuwa wakali. Leo wanaume wawili walikatana kwa mapanga wakigombea mabati yaliyopeperushwa.

Droo ya kabati imevimba, haifunguki. Niliivuta huku nalia kwa hasira.

Jumatano, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Sikwenda misa. Ukungu umetokea nyuma ya kabati, mweupe, na ndevu zake kama alivyosema Bi Mariamu. Niliukwangua kwa kisu, nikasugua kwa majivu na mafuta ya taa. Nilikuwa namwona Karugendo katika kila doa ninaloliua.

Jumatatu, 6 Novemba

Kuanzia wiki iliyopita nawasha jiko la mkaa ghalani kila siku, kidirisha kikiwa wazi, na nalizungusha kutoka kitu hadi kitu. Zamu ndefu kuliko zote naipa obwato. Nataka Karugendo akija aukute mzima, asipate sababu. Kule Kimwani walikuwa wakiuacha na maji machafu ndani, wamefunika kwa majani ya migomba, nami nilikuwa nikijisemea huo ni uzembe wa wanaume. Hapa nimemwaga maji yaliyosalia, nimeukausha, nimeupaka nta. Unang'aa. Haujawahi kutunzwa hivi tangu uchongwe.

Jumamosi, 11 Novemba

Obwato umepasuka.

Nilikuwa juu nashona. Nilisikia mlio kama wa bunduki, Bi Mariamu akajitupa chini ya meza. Nilishuka nikaukuta umefunguka kutoka ncha hadi ncha, ufa unaopitisha mkono wangu. Jiko lilikuwa kando yake, mkaa bado mwekundu. Nilikaa kwenye matofali, nikashindwa hata kulia.

Jumanne, 14 Novemba

Sijui nani amewapelekea habari, lakini leo amekuja Mushumbusi, mzee wa ukoo wa Karugendo, ametembea pale lori lisipopita. Nilijiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alishuka, akauingiza mkono kwenye ufa, machozi yakamtoka. Akaniambia taratibu kwamba obwato haukaushwi, mama. Hulala na maji tumboni na majani mgongoni, mwaka mzima, ili usipasuke. Kila mwanamume wa Kihaya analijua hilo tangu akiwa mdogo, na hakuna anayemwambia mwanamke, kwa sababu mwanamke haukaribii. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Baba alitengeneza vitanda na makabati. Obwato alinunua kwa watu.

Nikampa meza na viti vyote, achukue, atafute mafundi wachonge mwingine. Akatikisa kichwa. Ukoo wao ulikwishakaa nyumbani kwa Aristides, Muleba, mimi sikuitwa. Wameamua hivi: nirudi kwa mume wangu na kosa lifutwe, au kitanda cha mvule kiende Kimwani kufidia. Nikamuuliza kaka yangu alisemaje. Mzee akatazama ngazi, akasema kaka yako alikuwa mwenyeji, alitukaribisha vizuri.

Nimekataa yote mawili.

Jumatano, 15 Novemba

Nimemtetea Aristides mbele ya Bi Mariamu. Nilisema hakuwa na nguvu ya kupinga ukoo mzima. Bi Mariamu akasema, "Haya."

Jumapili, 19 Novemba

Mvua. Maji sasa yanachimbuka kutoka sakafuni, si ukutani. Nimeongeza matofali.

Ijumaa, 24 Novemba

Karugendo amekuja tena, safari hii amelewa.

Maji ghalani yalikuwa juu ya vifundo vya miguu na nilikuwa nayachota kwa ndoo. Alisimama mbele ya obwato uliopasuka, akaupapasa, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Umemkausha babu yangu." Kisha akanikamata kichogo, akanizamisha uso kwenye maji ya sakafuni. "Na wewe nikuloweshe." Aliniinua, akanizamisha. Nilikunywa matope. Nilimsikia akisema jambo lingine lakini masikio yalikuwa chini ya maji. Aliponizamisha mara nyingine mkono wangu uligusa tofali lililo chini ya mguu wa meza. Nikalichomoa. Meza ikainama, viti vilivyokuwa juu yake vikatuporomokea, naye akalegea kidogo tu. Nilimpiga tofali la mdomo. Nilimpiga tena. Ningeendelea, na sitasema uongo, nilitaka kuendelea.

Alikaa kwenye maji akitema meno. Akacheka, damu inamtoka, akasema maneno ambayo yameniumiza kuliko tofali lilivyomuumiza yeye.

"Unadhani nani alinionyesha mlango? Kaka yako. Na komeo lako akanieleza lilivyo."

Jumamosi, 25 Novemba

Karugendo aliondoka mwenyewe jana, na leo polisi wamekuja na kuondoka. Askari alitazama shingo yangu, akatazama kitabu chake, akasema haya ni mambo ya nyumbani, muitane wazee.

Bi Mariamu amenikanda kwa maji ya moto. Nilimwomba radhi kwa kumdhania kuwa ameniuza. Akasema alijua ni kaka tangu siku ile aliyoulizia komeo, lakini mtu haambiwi ubaya wa ndugu yake, huachwa auone. Nikamuuliza mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Akasema alikuwa na mkono mwepesi kama Karugendo wangu, na homa ilimchukua huku yeye, Bi Mariamu, bado akipanga amfanye nini. Tulicheka hadi mbavu zikaniuma upya. Ameniletea panga lake la kuchanjia kuni, ameliegemeza nyuma ya mlango wa barabarani.

Nilimwona mwanamke mchoyo na mkavu. Sijui nilikuwa naangalia nini.

Alhamisi, 30 Novemba

Nimemfikiria Aristides mchana kutwa. Si kwamba ananichukia. Nikiachika rasmi, Karugendo atadai ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao Aristides aliwatoa zamani kuoa mke wake. Kwa hiyo mimi nipigwe ili yeye abaki na mke. Alilia pale jikoni, na yalikuwa machozi ya kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 3 Desemba

Hamidi amenisaidia kuinua kitanda juu ya mapipa. Tulijaribu kukifungua tukipandishe juu vipande vipande, lakini vigingi vimevimba, baba hakutumia hata msumari mmoja. Meza imepinda, haitanyooka. Viti viwili vimeachia gundi. Kabati nimelipoteza, mgongo wote umeoza, nimelipasua mwenyewe kwa shoka tukapikia. Nililipasua kwa hasira, nikapata raha, kisha nikajuta.

Kitanda ni kizima. Nimekipapasa kote, mifumbati, matendegu, mchago, ule ubao wa kichwani aliouchonga baba majani ya kahawa. Ni kikavu. Kilichobaki cha kibanja changu ni hiki.

Jumatano, 6 Desemba

Bendera tu. Kijani kinachuja rangi kwenye vidole.

Ijumaa, 8 Desemba

Wanasema daraja limepitisha gari la kwanza. Mji umejaa watu, ngoma, na rubisi ya ndizi za watu wengine.

Jumamosi, 9 Desemba

Leo ni Uhuru. Tulikwenda uwanjani mimi na Bi Mariamu na vikapu vya bendera, na nilishangilia hadi koo likakauka, nililia pia. Nilisimama kati ya watu nisiowajua, wakanikumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nilisahau ghala. Saa za mchana mvua ikashuka yote kwa pamoja, watu wakatawanyika, tukarudi tukikimbia na khanga kichwani.

Lori la Hamidi lilikuwa mbele ya nyumba. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa juu ya lori, hakijafunikwa hata turubai, na mvua ilikuwa inakipiga. Aristides alikuwa amepanda anakifunga kamba. Hamidi alinitazama kwa mshangao, akasema kaka yako amenikodi, kasema umekubali, kasema umemtuma. Nilipotikisa kichwa alizima injini, akashuka, akaweka ufunguo mfukoni.

Nikachukua panga nyuma ya mlango, nikapanda lorini.

"Kifungue," nilimwambia.

Aristides hakuacha kufunga. Alisema amechoka kuwa katikati. Karugendo akikipata hiki atanyamaza, ng'ombe hawatadaiwa, mimi nitakaa mjini kwa amani, na yeye ataendelea kuniletea ndizi. Alikuwa amepanga kila kitu. Alisema kwa upole, kama anavyosema na watoto wake.

"Kinalowa, Aristides."

"Ni mbao tu, Ephrasia."

"Na kibanja ni udongo tu. Nipe kibanja, uchukue kitanda."

Hapo upole ukamwisha. Alinipiga kwa kamba iliyolowa, ikanichapa shavuni na kwenye jicho. Alinisukuma nikaangukia ubao wa nyuma ya lori, akanikanyaga mbavu zilezile. Akasema baba alinidekeza, kwamba mvule ule ulikuwa umesimama katika ardhi yake yeye mrithi, hata kitanda chenyewe ni chake. Kumbe ndilo lililokuwa moyoni miaka yote. Bi Mariamu alikuwa anavuta suruali yake kutoka chini, naye akampiga teke la kifua yule mama akaketi kwenye matope.

Nikainuka. Alikuwa ameshika mchago kwa mkono wa kulia, anavuta fundo kwa wa kushoto. Nilimwambia atoe mkono wake. Alinitazama, akaona panga, akaona na uso wangu. Nilimwambia tena atoe mkono. Akasema, "Huwezi. Mimi ni tata yako sasa, ndiye baba," akaukaza zaidi.

Nilipiga mara moja. Panga lilikwama kwenye mvule nikalazimika kulinyonga kulitoa. Vidole viwili vilibaki upande wangu. Hakulia mwanzoni, alivitazama tu. Kisha alianza kuita mama yetu, ambaye amekufa.

Hamidi amekwenda kuita gari la hospitali. Askari watakuja, na sidhani kama leo watasema ni mambo ya nyumbani. Bi Mariamu ameshasema atawaambia aliyoyaona, yote, na teke la kifua pia. Sijuti bado. Labda nitajuta. Nampenda kaka yangu, nimejua hivyo nilipomsikia akilia, na bado ningepiga.

Tulikirudisha kitanda ndani kabla ya jambo jingine lolote, mimi, Hamidi na Bi Mariamu. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye majani ya kahawa aliyoyachonga baba, na ilikuwa inaanza kuingia pale panga lilipokata nta. Aristides alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameukumbatia mkono wake, ananiita kwa jina la utotoni. Nilivua khanga. Nilifuta mchago kwanza, mpaka kila jani likawa safi. Halafu nikaenda kumfunga mkono.